Tanuri, Mwambie

Siku ya gulio Tunduma, mwaka 1954, malori ya kubeba vijana kwenda migodini Rhodesia yakinguruma, Enesi alinaswa mguu na kamba ya fundi mwashi. Gauni lake la bluu, lililopigwa pasi ya mkaa, nusura liingie vumbini.

"Usisogee, dada," alisema fundi. "Umesimama palepale penye kona."

"Kona ya nini?"

"Ya duka. Ukiondoka litakaa upande."

"Basi utaniletea ugali hapahapa mpaka liezekwe."

Ndivyo walivyoanza kupendana. Fundi ni Lwitiko, Mnyiha wa Mbozi. Nusu ya maduka ya pale ilisimamishwa kwa mikono yake, lakini kila ukuta ulibeba jina la mkandarasi mgeni, maana leseni ya ujenzi walipewa wageni. Tukumbuke, kwa sababu waliofanya hivyo wanataka tusahau: kaka yake, Danford, alijenga nyumba moja bila karatasi, akapewa miezi sita ya kuponda mawe. Alirudi anakohoa damu.

Enesi, aliyejifunza kuandika misheni, ndiye aliyemwandikia Lwitiko ombi la leseni. Tangu siku hiyo kila akiona kofia nyekundu ya tarishi wa boma, alisimama kuangalia inaelekea wapi.

Jumatano tarishi alimkabidhi barua. Mwombaji afike bomani Ijumaa asubuhi ajibu maswali. Asipofika, atahesabiwa kuwa anajenga kwa siri, akamatwe. Enesi alikimbia hadi mtoni, Lwitiko alikokuwa anachoma matofali ya kanisa, kazi yake ya kwanza akipata leseni.

"Lwitiko, mpenzi, kuna barua."

Fundi akamgeuzia mgongo, akasukuma gogo ndani ya tanuri.

"Unanisikia?"

Hata jicho hakumpa.

Alfajiri ya Alhamisi Enesi alikuwa juu ya lori la kwenda Ndola, Rhodesia, kwa shangazi yake, barua kifuani. Amempata mwingine, wa kwao, aliwaza. Lori likaanza kutikisika. Kando ya barabara akamwona Danford, ameinama, anakohoa kwenye kitambaa.

Enesi akashuka, akarudi mtoni.

"Leo usiponijibu watakufunga," aliuambia ule mgongo, akasoma barua yote.

Lwitiko aliweka gogo chini. Kisha akasema, uso kwenye moto: "Tanuri, mwambie huyu binti, babu yangu aliyeyusha chuma. Moto ukiwaka, mwanamume hasemi na mwanamke anayempenda, kazi isije ikaharibika. Nilidhani kila mtu anajua."

"Tanuri," alijibu Enesi, "mwambie mimi Mnamwanga. Kwetu mtu akikunyamazia, amekukataa. Na mwambie ana akili za tofali bichi."

Mabega ya Lwitiko yakatikisika kwa kicheko, kisha yakatulia. "Mwambie siwezi kwenda. Moto ukizimika, matofali yote ni udongo tu."

"Mwambie moto nitautunza mimi."

Lwitiko akaenda bomani, na kwa siku mbili Enesi alilisha tanuri magogo, macho yakimwasha kwa moshi. Kila baiskeli iliyopita aliisikia kama ya tarishi.

Jumamosi jioni Lwitiko alirudi, mikono haina pingu, mdomo umefungwa.

"Wamekukataa?"

Akamnyooshea karatasi. Enesi alisoma: leseni ya ujenzi, mwaka mmoja. Jina la Lwitiko, si la mgeni. Chini, penye karani wa kazi: Enesi, mkewe.

"Tanuri, muulize ni mke gani huyu ambaye hajaposwa."

"Tanuri, mwambie walitaka mtu anayejua kusoma. Nilimtaja yeye. Sasa naogopa jibu lake kuliko nilivyoogopa jela."

"Mwambie simjibu tanuri. Likipoa aniulize mwenyewe."

Moto ulikufa usiku huo. Jumatano Enesi alifika na gauni lake la bluu, akaweka kiganja juu ya matofali.

"Limepoa," alisema. "Sasa sema."

Lwitiko akafungua kinywa, sauti ikagoma kutoka. Enesi alimngoja. Safari hii ukimya wake haukumtisha.