Zamu ya Jioni

Barua ya Mwalimu Mkuu ilikuwa fupi: shule ina zamu mbili, mwalimu ni mmoja, tafadhali leteni mtu. Kwenye ofisi ya elimu mjini waliicheka. Kile kijiji cha mwisho wa barabara, cha watu walioishi msituni tangu kabla barabara haijafikiriwa, kilikuwa na watoto thelathini na mmoja tu. Zamu mbili za nini?

Mshauri wa walimu hakucheka. Aliwahi kufundisha peke yake mahali pa mbali, na alijua upweke unavyomla mtu. Akamwacha binti yake wa miaka sita nyumbani na shangazi, akaahidi kurudi kesho, akapanda gari la ofisi pamoja na dereva.

Walifika saa kumi jioni, kengele ya kutoka ikigongwa. Watoto walichomoka darasani kama siafu waliomwagiwa maji, kila mmoja akipaza neno lile lile.

"Irumae! Irumae!"

"Wanasemaje?" Mshauri aliuliza.

"Wanakwenda nyumbani," alijibu Mwalimu Mkuu, macho yake yakiwa kwenye jua.

Alikuwa mkuu asiye na wadogo. Mwalimu yeye, karani yeye, fundi wa madawati yeye. Mshauri alimtania hivyo, lakini mwenzake hakutabasamu. Jua lilipokaribia kutua alimtia kipande cha chaki mkononi, akamkunjia vidole juu yake.

"Nishikie zamu ya jioni kidogo, madamu. Nakwenda kunawa uso."

"Wanafunzi wenyewe wako wapi?"

"Watakuja."

Alipofika mlangoni aligeuka. "Nisamehe," alisema. Mshauri alidhani anaomba radhi kwa vumbi.

Jua likatua.

Kwanza ilikuja harufu. Matope ya mtoni, na nguo zilizovundia sandukuni. Mshauri aligeuka kutoka ubaoni kutafuta inatokea wapi...

Madawati yalikuwa yamejaa.

Hakuwa amesikia mlango wala hatua. Mwalimu ni mwalimu tu, kabla ya kuogopa alihesabu. Kumi na tisa. Walikaa wima, mikono juu ya dawati, macho mbele. Maji yaliwachuruzika kwenye nywele na kudondoka sakafuni.

Tip... tip... tip...

"Haya, wanangu," alisema. "Kwa leo tumemaliza. Nendeni."

Hakuna aliyepepesa jicho. Hawakuijua lugha yake.

Alitembea taratibu hadi mlangoni, akaufungua, akatoka. Akajikuta mbele ya ubao. Macho kumi na tisa yakimtazama. Akatoka tena, safari hii mbio, akajikwaa kwenye kizingiti. Alipoinuka vumbi la chaki lilikuwa kwenye magoti yake. Akaitupa ile chaki dirishani kwa nguvu zake zote.

Ilikuwa bado mkononi.

Hapo ndipo alipolia. Alilia waziwazi, kama mtoto aliyepotea sokoni, huku akilitaja jina la binti yake.

"Usilie kwa sauti," mtu alinong'ona. "Watadhani wamekosea."

Nyuma ya nondo za dirisha alisimama bibi mpishi wa shule, khanga ameivuta hadi puani.

"Shikamoo, bibi. Nitoe humu, nakuomba."

"Marahaba. Siwezi, mwanangu. Umeshapokea chaki. Mkuu aliipokea kwa mwenzake miaka tisa iliyopita. Leo naye ameondoka."

"Hawa ni akina nani?"

Bibi alizishika nondo. "Mwalimu wa kwanza kabisa alikuwa mkali. Ukisema lugha yetu alikuchapa fimbo. Siku moja aliwaambia wakae, asiinuke mtu mpaka arudi awaruhusu. Mto ukafurika. Watoto walikuwa watiifu... Mimi siku hiyo nilikuwa na homa. Yule wa mbele, mwenye pengo, ni dada yangu."

"Basi waruhusu! Waambie waende!"

"Kwa nani? Kwao ni kwetu. Nyumba zile zile, na wajukuu zetu wamelala ndani."

"Mimi nina mtoto, bibi. Ana miaka sita. Nimemwahidi kesho."

Bibi alitikisa kichwa, akafuta machozi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wake wa kuwalinda.

Mshauri akawageukia watoto. Neno si alilisikia mwenyewe kengele ilipogongwa?

"Irumae," alisema.

"We! Nyamaza!"

"Irumae!"

Watoto walitazamana. Yule mwenye pengo akatabasamu. Wakainuka wote kwa pamoja, wakapanga mstari, wakatoka mmoja mmoja, wa mwisho akigusa sketi ya Mshauri kwa kidole chenye baridi. Vidole vya Mshauri vikafunguka. Chaki ikaanguka.

Alitoka. Nje palikuwa nje.

Bibi alikuwa amekimbilia nyumbani kwake. Alirudi akihema. "Hawakuja! Mbwa hata hawakubweka. Ulidhani umewaambia nini?"

"Nyumbani. Irumae."

Bibi alishika kichwa. "Lugha yetu haina nyumbani hivi hivi. Lazima useme kwa nani. Irumae ni nyumbani kwangu." Akamtazama kwa huruma. "Kwako ni wapi, mwanangu?"

Dereva aliendesha bila kuuliza, maana uso wa Mshauri ulitosha. Mtandao ulishika kilimani, baada ya saa nzima. Simu ilikuwa ikiita kabla hajaitoa mkobani.

"Mama, wageni wako wamefika."

"Umewafungulia?"

"Wamelowa, mama. Nimewaonea huruma. Wamekaa sebuleni, hawasemi kitu. Shangazi aliniachia simu akaenda dukani, sasa nasikia anagonga ukuta lakini mlango hauoni."

"Sikiliza, mwanangu. Toka nje. Toka sasa hivi!"

Kitasa kililia. Kikalia tena.

"Mama," binti yake alisema, "kila nikitoka naingia."

"Bado saa ngapi tufike?" Mshauri alimuuliza dereva.

"Sita," alisema dereva. "Kama barabara ni nzuri."