Vidole vya Buluu

Tone. Tone. Tone. Kulikuwa bado giza, na Buluu alisikia vitambaa vikidondosha maji ya rangi kwenye beseni. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya vidole vyake, maana mama yake alikuwa mtia rangi vitambaa. Kila asubuhi Buluu alitakiwa kubeba ndoo ya maji machafu hadi kwenye shimo la mchanga na mkaa la kuyachuja, kule mwisho wa ua. Ndoo ilikuwa nzito, na shimo lilikuwa mbali. Basi mwezi mzima alikuwa akiyamwaga kwenye mfereji nyuma ya ukuta.

Mfereji uliishia kwenye kidimbwi cha bibi jirani. Bata wake wanane walikuwa wamekufa, wakabaki wawili.

"Ni macho yangu haya," bibi alimwambia mama jana. "Bila shaka nimewachanganyia sumu ya panya kwenye pumba. Kesho jioni nawagawa hawa waliobaki. Sifai tena kufuga."

Buluu alisikia yote. Hakulia. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Darasani, mwalimu aliandika ubaoni: mazingira, rasilimali, faida, gharama.

"Nataka maana, kisha mfano wa nyumbani kwenu. Haya, binti wa mtia rangi, gharama!"

"Gharama ni kile kinachotolewa ili kitu kipatikane. Mama hununua rangi."

"Na sabuni ya vidole!" akadakia mchekeshaji wa dawati la nyuma. Darasa likaangua kicheko. Buluu hata hakugeuka.

"Hiyo ni nusu," mwalimu alisema. "Moshi wa kiwanda ukimfanya jirani akohoe, kikohozi chake nacho ni gharama. Ila anayelipa hajui analipia nini."

Anayelipa hajui. Maneno hayo alirudi nayo mpaka nyumbani. Akamweleza mama kila kitu.

Mama aliweka kitambaa chini.

"Mwanangu, mazingira si neno la daftarini tu. Ni kidimbwi cha jirani. Faida yetu isitoke kwa bata wa mtu. Mfereji nauziba leo, na vifaranga tutamnunulia. Lakini kusema ni juu yako."

Walimkuta bibi mlangoni, kikapu mkononi, bata amekwisha kuwafunga miguu.

"Aa, wanangu! Mmenikuta natoka."

Mama akasimama pembeni. Buluu alivitazama vidole vyake, kisha macho ya bibi.

"Bibi, maji yaliyoua bata wako niliyamwaga mimi."