Nadharia ya Mhandisi Tamimu

Siku ya gulio, mwaka 1996, duka la simu la stendi ya Kibiti lilijaa watu. Mwajabu, msichana wa dukani, alivaa kitenge cha manjano na saa ya kiume. Aliyeshika simu alikuwa Tamimu, mhandisi wa barabara, shati lake likiwa jekundu kwa vumbi. Alikuwa akimweleza profesa mmoja wa Dar es Salaam kwamba dunia haivuti vitu. Anga ndiyo inayovisukuma chini. Profesa akakata.

"Kakata mwenyewe, au anga imemsukuma?" Mwajabu aliuliza.

Foleni nzima ilicheka. Tamimu naye alicheka, na kesho yake akarudi bila kuwa na mtu wa kumpigia.

Alipohamishiwa Dar, akawa anampigia Mwajabu dukani kila Ijumaa.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Anga yako haijambo?"

"Inakusalimu."

Hakuna mwingine aliyeiulizia.

Posa ilipangwa kupelekwa kwa boti hadi Mbuchi, kijiji cha delta ya Rufiji, kwa wazazi wa Mwajabu. Nahodha alitaka Tamimu na mshenga wake waondoke asubuhi, maji yakijaa. Tamimu alibisha: kwa nadharia yake mwezi hauvuti bahari, hivyo maji yangejaa saa kadhaa baadaye. Aliona amepata nafasi ya kuithibitisha. Waliondoka adhuhuri, maji yakapwa, boti ikakwama kwenye tope la mikokoni. Mshenga, mzee Sadala, alishinda humo na kanzu yake nyeupe hadi magharibi. Mbuchi, pilau lilipoa, jamaa wakatawanyika, na baba yake Mwajabu akasema amedharauliwa.

Jumatatu Mwajabu ndiye aliyepiga.

"Baba atawapokea tena. Anataka useme tu kwamba hesabu yako ilikosea."

"Nitaomba radhi mbele ya wazee wote."

"Radhi hakuitaka. Nahodha kashamwambia ulivyobisha."

"Jabu, nikisema hivyo, nadharia yote imekwenda. Miaka yangu yote."

"Na mie je?"

"Labda ni upepo. Nisubiri mwezi ujao, nipime upya."

"Wee, unataka kuoa au kupima maji?"

Tamimu aliyageuza makaratasi ya hesabu mezani. Jana yake alikuwa ameirudia hesabu, na haikuwa na tatizo la upepo. Nadharia ndiyo iliyokuwa na kosa.

"Mpenzi, upo?"

"Nipo."

"Basi sema."

"Ulikuwa upepo, Jabu."

Mwajabu aliweka simu chini taratibu. Tamimu alibaki na ya kwake sikioni, peke yake ofisini, mpaka mlio wa laini iliyokatika ukamchosha.

"Nilikosea," alisema.