Mtu Kando ya Kisima cha Pampu

Kulikuwa na mtu kwenye picha ambaye hakuwapo kisimani.

Méschac alikuwa amepewa kazi ya kupima mitambo ya maji ya Nchelenge kwa mashine ya mwanga. Unaisimamisha kwenye miguu yake mitatu, inazunguka polepole ikirusha mwanga, na kila bomba na ukuta unaourudisha mwanga huo unaingia kwenye kompyuta ulivyo. Siku hiyo alipima nyumba ya pampu kando ya Ziwa Mweru, penye kisima cha zamani. Mtu anayepita mbele ya mashine hutoka kama moshi tu. Huyu alitoka mzima: mwanamke aliyefunga kitenge, amesimama tuli ukingoni mwa kisima, ameipa mashine mgongo.

"Ba Kabaso, nani aliingia humu?"

"Hakuna mutu," alinong'ona Kabaso, mlinzi wa pampu. "Nilikuwa pa mulango. Nilikuambia, ba Méschac. Mbele ya kufungua hii kisima, batu banamwangaka unga kidogo kwa mwenye maji. Weye ulicheka."

"Miye ni mutu wa Mungu. Siogopi pepo ya kula unga."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila Kabaso, maskini, hakuwa mkuu wa yeyote. Mkubwa wa kampuni alitaka picha za mabomba, si za watu. Méschac akamzungushia yule mwanamke mstari, akamfuta, akafuta na nakala ya kwanza ili asiulizwe maswali.

Nyumbani Arlène, mkewe, alikuwa ameshapika. Walivuka ziwa pamoja kutoka Pweto, Kongo, wakati wa vita, wakapitia kambi ya wakimbizi ya Kenani bila kuachana hata usiku mmoja, na Méschac alimpenda, tuseme wazi. Jioni ile bukari, ugali wa kwao, haikuwa na kasoro. Lakini mkewe alinuka matope ya chini ya ziwa, na kila alipokanyaga sakafu aliacha unyevu usiokauka. Wala hakuimba. Arlène, jikoni, bila wimbo wa kanisa!

"Ulikuwa wapi leo?"

"Pa maji," alijibu. "Nilikuletea chakula kule pa pampu. Haukuniona?"

Méschac aliitoa mashine aliyorudi nayo, akaisimamisha.

"Ikala pale pa kiti," alisema. "Nijaribu mashini."

Mkewe akaketi bila kupepesa macho. Mashine ikazunguka, na Méschac alipofungua kompyuta aliona ukuta, aliona sufuria, aliona miguu ya kiti, ila juu ya kiti palikuwa na tundu jeusi lenye umbo la mwanamke, tundu ambalo mashine ile huliacha inapopima maji, kwa sababu maji humeza mwanga wake wala hayaurudishi, na kutoka kwenye kiti kile akasikia, taratibu, mtu akicheka kama bomba linalovuta hewa.

Alikimbia kumwita jirani, Mama Pasta Débora, aliyekuja na Biblia na mafuta, akamwekea yule mwanamke mkono kichwani, akakemea kwa jina la Yesu mpaka sauti ikamkauka, huku maji yakitoka masikioni, puani na chini ya kucha za yule aliyeketi, yakienea sakafuni mpaka yakafika miguuni mwa Méschac, baridi, yananuka samaki waliooza.

"Toka! Na umurudishe bibi ya mutu!"

"Natoka," ilisema sauti, bila hasira. "Lakini bibi yake sina. Nilimusimamisha tu pa kisima, asiseme, asionekane na macho ya mutu. Kwa unga kidogo ningemuachilia. Mashini ilimuona." Ikamgeukia Méschac. "Miye nilimuficha. Ni weye ulimufuta."

Kitenge kikaanguka chini, kitupu.

Usiku uleule Kabaso aliwafungulia Méschac na Mama Pasta nyumba ya pampu, bakuli la unga mikononi. Méschac aliumwaga wote kisimani akiliita jina la mkewe, akalia kama mtoto, kisha akasimamisha mashine. Ikazunguka, ikasimama. Mabomba yalionekana, ukuta ulionekana, na ukingo wa kisima, mtupu.

"Unamuona?" aliuliza Kabaso, polepole.

Méschac alibonyeza mashine izunguke tena.