Yangeyange Mwenye Vidole vya Njano

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Daniella alifagia mbele ya nyumba yao ya mbao huko Keshero. Kazi hiyo haina mwisho. Vumbi jeusi la mawe ya volkano unalifagia leo, kesho limerudi. Akimaliza alinawa miguu, akavaa sare yake ya bluu na nyeupe, kisha akatia mfukoni daftari lake dogo.

Daftari lenyewe lilikuwa zuri. Madame Emerance, mwalimu wao wa darasa la sita, alimpa kila mwanafunzi moja, na kila jalada lilikuwa na picha ya ndege iliyochorwa zamani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Jalada la Daniella lilikuwa na yangeyange, yule ndege mweupe mwenye shingo ndefu anayependa kukaa kando ya maji. Sharti lilikuwa moja tu: andika ndege uliyemwona kwa macho yako, siku gani, saa ngapi, wapi, na alikuwa anafanya nini. Wenye kurasa kumi za kweli wangepelekwa Lac Vert, ziwa dogo la kijani nje ya mji, kutazama ndege siku nzima.

Daniella alikuwa na kurasa tisa za kunguru na mwewe, maana hao wako kila mahali. Ukurasa wa kumi ukamshinda. Jioni moja alikaa kitandani, akalitazama jalada, akaandika: "Yangeyange. Jumanne, saa kumi na moja jioni, ziwani. Mweupe wote. Miguu myeusi mpaka kwenye kucha. Anatafuta samaki."

Siku hiyo hakufika ziwani hata kidogo.

Tangu hapo hakuwa na raha, na mtu asiye na raha huanza kuwachungulia wengine. Nani tena ameandika uongo? Alimtazama Guylain, akamtazama Ange, mwisho macho yake yakakaa kwa Josias. Josias alichelewa karibu kila siku, suruali imelowa magotini, anapiga miayo. Lakini daftari lake lilikuwa na kurasa kumi na saba. Mtoto gani ana muda huo?

Ijumaa, kila mmoja alisoma ukurasa mmoja mbele ya wenzake. Zamu ya Josias ilipofika, alisimama, akasoma:

"Yangeyange. Jumatano, saa kumi na mbili na robo asubuhi, kando ya ziwa. Mweupe. Mdomo mweusi, miguu myeusi, lakini vidole ni vya njano. Anatikisa mguu ndani ya maji, samaki wadogo wanashtuka, anawakamata."

"Ndege wako anavaa soksi?" Guylain akauliza. Darasa zima likacheka.

Daniella hakucheka. Aliinua daftari lake. "Madame, Josias anadanganya. Yangeyange ni huyu hapa kwenye jalada langu. Vidole vyake ni vyeusi. Mutu ataonaje kitu ambacho hakiko?"

"Mi niliona," Josias akasema.

"Uliona wapi? Kwenye ndoto? Si unalala darasani kila siku?"

"Kama hunisadiki, uliza wale samaki."

Madame Emerance aliyachukua madaftari yote mawili. Alitazama picha, akasoma ukurasa wa Daniella, akasoma wa Josias. Paji la uso wake likakunjana.

"Josias, kurasa kumi na saba ni nyingi," alisema polepole. "Hata mimi sasa ninajiuliza. Hili linabaki kwangu. Jumatatu nitasema kama utakwenda Lac Vert."

Josias aliketi, akatazama meza yake tu. Lakini saa ya kutoka alimngoja Daniella kwenye lango.

"Nawe uliandika yangeyange," alimwambia. "Basi kesho saa kumi na mbili njoo ziwani, unionyeshe pale ulipomwona."

"Nitakuja," Daniella akajibu. "Nitakuja kukukamata."

Jumamosi alfajiri alishuka ziwani akiwa na mashaka tele. Labda Josias hatakuja. Labda amepanga ujanja na rafiki zake. Alimkuta juu ya mawe meusi, kwenye foleni ya watu wenye mabidoni, madumu ya njano ya maji. Kumbe ndiye aliyekuwa akichota maji ya nyumbani kwao, safari tatu kila asubuhi, na mahali pa kuchotea ni pembamba, kila mtu anangoja zamu. Kule kungoja ndiko kulikojaza daftari lake.

"Huyo pale," Josias akanong'ona.

Yangeyange alikuwa amesimama majini.

"Miguu myeusi," Daniella akasema. "Si nilisema?"

"Vidole viko chini ya maji. Ngoja."

Anataka nichoke, Daniella akawaza, nirudi nyumbani kabla sijaona kitu. Alibaki pale pale. Ndege akatikisa mguu, akadonoa samaki, kisha akapanda juu ya jiwe jeusi. Vidole vyake vilikuwa vya njano kama yale mabidoni.

Hata hapo hakusadiki. Labda ni majani yamemnasa. Akasogea karibu, na ndege akaruka, miguu imenyooka nyuma, vidole vinang'aa.

"Na weye ulimwona upande gani?" Josias akauliza.

Daniella aligeuka, akashika njia ya nyumbani.

Jumapili yote aliwaza. Picha ilikuwa upande wake. Akinyamaza, yeye atakwenda Lac Vert na Josias atabaki na jina la mwongo.

Jumatatu alisimama kabla Madame hajasema neno. "Madame, Josias alisema kweli. Jumamosi nilikwenda naye ziwani, nimeviona vile vidole. Ule ukurasa wangu, niliuandika kitandani. Nilitazama jalada tu."

"Kumbe mushitaki ndiye mwongo," Guylain akasema.

"Nyamaza, Guylain. Weye ndiwe uliyecheka wa kwanza." Madame akamrudishia Josias daftari lake. "Josias, unisamehe. Niliamini jalada kuliko mtoto. Wachoraji wa zamani mara nyingi waliletewa ndege aliyekufa, amekaushwa. Manyoya hubaki na rangi, lakini ngozi ya vidole hupoteza rangi, ikawa nyeusi. Mchoraji hakudanganya. Alichora kilichokuwa mbele yake. Daniella, weye uliandika nini?"

"Nisichokiona, Madame."

"Piga mstari juu ya ukurasa huo. Usiuchane. Na yule wa Jumamosi, ulimwona?"

"Nilimwona, pamoja na Josias."

"Basi huyo muandike. Josias atakwenda Lac Vert, nawe utakwenda naye. Huko mtaandika ndege mmoja mmoja pamoja, mpaka ujifunze kungoja kama yeye." Akaligeukia darasa. "Kumshuku mtu ni kazi rahisi, unaifanya umekaa kitandani. Kujua ukweli kunataka uamke, uende, ungoje. Na kabla hujasema mwenzako anadanganya, soma kwanza daftari lako mwenyewe."