Joto la Prosesa

Jirani yetu huyu, fundi kompyuta, ukimtajia uchawi alikuwa anakucheka mpaka machozi. Asubuhi ile alimwacha nyumbani bintiye wa miaka minne, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa kuongea. Mtoto alikuwa na homa kidogo tu, na mama yake alikuwepo. Fundi akaenda zake kibandani kumalizia kompyuta ya mteja iliyokuwa ikizimika ovyo kwa joto. Akaweka feni mpya, akaipaka prosesa, ule ubongo wa kompyuta, krimu yake ya kupitisha joto. Kisha, kama kawaida, akaibebesha kazi nzito aone kama itahimili.

Joto kwenye skrini: thelathini na nane. Safi kabisa.

Simu ikaita. Mkewe. "Baba Chiriku, homa imefika thelathini na nane."

"Mpe dawa, mama. Itashuka."

Prosesa ikapanda, thelathini na tisa. Simu tena. "Thelathini na tisa, baba." Fundi akacheka, cheko la kujikaza.

Arobaini.

"Arobaini! Anatetemeka!"

"Mkimbize hospitali!" Akafunga programu, haikufungika. Akachomoa waya ukutani. Skrini ikabaki inawaka. Arobaini na moja.

Akaburuta feni kubwa ya kusimama, akaielekeza ndani ya kompyuta. Namba zikaanza kushuka. Thelathini na saba.

"Afadhali," mkewe akanong'ona, analia kwa furaha. "Gari bado halijafika, lakini amelala."

Lakini namba hazikusimama. Thelathini na tano. Thelathini na moja. Fundi akazima feni. Ikaendelea kuzunguka. Akaingiza mkono kwenye mapanga ya feni, yakamkata, yakazunguka tu.

"Mfunike! Mama, mfunike, nakuomba!"

"Nimemfunika. Nimemlalia kabisa. Mbona hapati joto?"

Ishirini na nne. Joto la chumba. Feni ikatulia yenyewe.



Siku ya tatu baada ya mazishi ya mtoto aliirudia ile kompyuta, akaing'oa prosesa. Ilikuwa na uvuguvugu. Leo ni mwaka wa pili inakaa mfukoni mwa shati lake, na kila asubuhi anajifungia chooni, anaipima kwa kipimajoto. Thelathini na saba. Haijapoa hata siku moja. Mkewe hajaambiwa. Aambiwe nini, masikini?