Kumi na Nane ya Epifania

Kila asubuhi wasichana wa kidato cha tano walikimbia mchakamchaka, wakapalilia pamba ya shule, kisha wakanywa uji haraka haraka. Baada ya hapo ndipo masomo yalipoanza, na jasho la kweli likaanza kuwatoka.

Epifania alikuwa ametoka Ushirombo na sifa zake. Kidato cha nne alikuwa hashikiki. Alipofika shule hii ya Shinyanga, mwaka 1977, kusoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, alidhani ataendelea kung'ara tu. Lo! Jaribio la kwanza la Kemia alipata thelathini na nane. Alilia mpaka macho yakavimba, kisha akanawa uso akarudi kwenye daftari. Kidato cha tano na cha sita ndiyo njia ya kwenda Chuo Kikuu, na njia hiyo haipitiki kwa maringo.

Muhula wa pili likaja zoezi la maabara. Mwalimu Bhoke, mwalimu wao wa Kemia, alikwisha sema wazi: atakayeanguka tena atahamishiwa masomo mengine. Kwa Epifania, hiyo ilikuwa na maana ya kuuaga udaktari.

Kazi yenyewe ilikuwa kudondosha tindikali kutoka kwenye bureti, lile bomba refu la kioo lenye namba za kuonyesha tindikali iliyotumika, mpaka maji ya njano kwenye chupa yageuke kuwa ya waridi. Epifania aliinama, macho yake yakawa sawa na namba, akadondosha tone moja moja. Akasoma kumi na nane. Akarudia. Kumi na nane. Mara ya tatu, ile ile.

"Umepata ngapi?" alinong'ona Justa, jirani yake wa meza.

"Kumi na nane."

"We Epi! Unataka kuhamishwa? Jibu ni ishirini na tano. Kila mwaka ni ishirini na tano. Dada yako hakukuambia?"

Shuleni hapo kila mgeni alipewa dada wa kidato cha sita wa kumlea. Dada huyo alimrithisha ndoo, koti la maabara, na majibu ya mazoezi ya mwaka uliopita. Epifania alitupa jicho kwenye meza za wenzake. Kila karatasi ilikuwa na ishirini na tano.

Hofu ikamwingia. Akafuta, akaandika ishirini na tano.

Mzee Masele, mtunza maabara, alikuwa ameanza kukusanya karatasi. "Lete, mayu," alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Muda umekwisha."

"Nisubiri kidogo tu, mzee wangu." Epifania alifuta tena, nusura atoboe karatasi, akaandika kumi na nane. Akamkabidhi karatasi.

Kesho yake Mwalimu Bhoke aliingia na karatasi zote mkononi.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni. Wasichana ishirini na tisa wamepata ishirini na tano. Mmoja amepata kumi na nane. Tindikali ya zamani iliisha. Hii nimeichanganya mwenyewe wiki hii, nikaifanya kali zaidi, hivyo inayohitajika ni kidogo. Ishirini na tano haipatikani hata kidogo. Mmepika majibu!"

Hakuna aliyethubutu kuinua uso.

"Epifania, simama. Karatasi yako imekwaruzwa. Hapa palikuwa na nini?"

Angeweza kudanganya. "Ishirini na tano, mwalimu. Niliogopa kuwa peke yangu."

"Mbona ukafuta?"

"Nilipima mara tatu. Ishirini na tano sikuiona."

Mwalimu Bhoke akatabasamu. "Umefaulu vizuri sana. Hutahamishiwa masomo mengine. Wengine wote mtarudia Jumamosi, na Epifania atawaonyesha namna ya kusoma bureti."

Epifania alikaa, furaha imemjaa kifuani. Justa alimfinya mkono chini ya meza.

"Sikilizeni," mwalimu akasema. "Hapa tunawaandaa kwa Chuo Kikuu. Huko mtaulizwa maswali ambayo hakuna dada aliyewahi kuyajibu. Anayeandika alichokiona kwa macho yake, hata akikosea, tutamfundisha na ataelewa. Lakini anayeandika alichonong'onezwa, sisi walimu hatujui hata tuanzie wapi kumsaidia."